Nairobi au nyumbani? Jinsi ya kulinganisha ubora wa shule kati ya kaunti na kaunti

Kila Januari, matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, yakishatangazwa, simu yangu hujaa orodha. Shule mia bora. Kaunti zilizotia fora. Kaunti zilizovuta mkia. Orodha hizi hazina mwenyewe. Wizara ya Elimu iliacha kutoa orodha rasmi ya shule bora mwaka 2014, kwa hiyo nyingi ya hizo unazotumiwa zimetungwa na mtu aliyeokota namba hapa na pale, zikapitishwa WhatsApp hadi zikaonekana za kweli.

Mimi ni katibu wa kikundi cha watu wa Kitui tunaoishi Nairobi. Tunakutana Umoja kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, tunachanga, na sehemu ya mchango inalipia karo watoto wachache wa nyumbani. Siku moja mwenyekiti aliniuliza mbele ya watu: "Katibu, shule za kwetu ni mbaya kuliko za hapa Nairobi, ama tunadanganywa tu?" Nikamwambia, "Mzee, nipe mwezi mmoja." Ilinichukua miezi minne. Haya ndiyo niliyojifunza, kwa mpangilio ambao laiti mtu angenipa mapema.

Hatua ya kwanza: andika swali lako kwenye karatasi

Usicheke. Hapa ndipo wengi huanguka. "Kaunti gani ina elimu bora?" ni maswali matatu yaliyovaa koti moja.

La kwanza ni la mzazi: mtoto wangu huyu, mwenye uwezo huu na karo hii, atasoma vizuri wapi? La pili ni la mwananchi: kaunti gani inawafunza watoto wake wote, pamoja na yule anayechunga mbuzi Tseikuru huko Kitui na yule anayeuza njugu karanga barabara ya Jogoo? La tatu ni la mfadhili, au kikundi kama chetu: shule gani inafanya kazi kubwa zaidi na watoto inaowapokea?

Kila swali lina namba zake, na ukitumia namba za la kwanza kujibu la pili utapotea. Mimi nilianza na la pili, nikamaliza na la tatu.

Jua pia mlango wa kubisha. Kwa Katiba ya 2010, serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani. Shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu: walimu wanaajiriwa na tume ya walimu, TSC, mitihani ni ya baraza la mitihani, KNEC, mtaala ni wa taasisi ya mitaala, KICD. Anayemlaumu gavana kwa sababu ya matokeo ya KCSE amebisha nyumba ya jirani. Ila chekechea ikiwa haina mwalimu, hapo gavana anahusika moja kwa moja.

Hatua ya pili: chagua ngazi, na ujue mfumo uko wapi

Tuko katikati ya daraja. Mtaala mpya wa umilisi, CBC, ulianza nchini kote Januari 2019 katika chekechea na madarasa ya chini ya msingi. KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza msingi, ya mwisho ilifanywa 2023, KJSEA, mtihani mpya wa gredi ya 9, ya kwanza 2025, na Januari 2026 kundi la kwanza likaingia gredi ya 10 katika sekondari pevu (senior school). Watoto wa mfumo wa zamani, 8-4-4, bado wako njiani, na KCSE yao ya mwisho ni ya 2027.

Maana yake kwako ni kwamba kwa miaka michache ijayo utakuwa na mizani mbili mkononi. KCSE hupima kwa gredi 12, kutoka A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1. KJSEA inapima kwa viwango, na nafasi ya gredi ya 10 hutolewa kwa kuchanganya KJSEA asilimia 60, KPSEA, mtihani wa gredi ya 6, asilimia 20, na tathmini ya shuleni asilimia 20. Usijaribu kugeuza moja iwe nyingine. Kilo haigeuki lita.

Ukiwa mzazi wa gredi ya 9, jambo moja zaidi: shule za sekondari pevu zimegawanywa makundi manne, C1 hadi C4. C1 ni zile zilizokuwa za kitaifa, C4 ni za kutwa za kaunti ndogo. Kulinganisha C1 iliyoko Kiambu na C4 iliyoko Kitui, kisha useme Kiambu imeishinda Kitui, ni kama kupima mbio za baiskeli na pikipiki.

Hatua ya tatu: kusanya namba, na uzitilie shaka

Vyanzo nilivyotumia ni vichache, na vyote viko wazi kwa mwananchi.

Shirika la takwimu la taifa, KNBS, hutoa kila mwaka ripoti ya hali ya uchumi yenye sura nzima ya elimu: wanafunzi wangapi, walimu wangapi, matokeo ya KCSE kwa gredi. Sensa ya 2019 ina idadi ya watoto kwa umri katika kila kaunti, na hiyo utaihitaji sana hapa chini. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 unaonyesha kiwango cha elimu cha wanawake na wanaume katika kaunti zote 47, na elimu ya mama ni kitu kinachoeleza mengi kuhusu mtoto. Halafu kuna tathmini za Uwezo, zinazopima kama watoto wanajua kusoma, zilizoanza 2009 na sasa zinaendelezwa na Usawa Agenda. Hizi nazipenda kuliko zote, nitakueleza kwa nini.

Namba za shule moja moja ni ngumu zaidi. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ukaulize kwa heshima. Ukizungushwa, Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 viko upande wako: andika barua, taja namba unazotaka, na ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Ikikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mimi niliandika barua mbili tu. Ya kwanza ilijibiwa. Ya pili nilipewa chai, nikaambiwa nirudi Jumanne, na nikarudi Jumanne nne.

Kuhusu idadi ya wanafunzi, kuwa mwangalifu. Pesa za serikali hufuata kichwa: shilingi 22,244 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa sekondari ndicho kiwango kilichowekwa 2018, hata kama zinazofika huwa pungufu. Mahali pesa zinapofuata kichwa, vichwa huongezeka. Wanafunzi hewa si hadithi. Mwaka 2025 wizara ililazimika kuhesabu upya wanafunzi shule kwa shule. Namba ya orodha ikisema 640, uliza jikoni hupikwa chakula cha wangapi.

Hatua ya nne: tafuta watoto ambao hawapo kwenye namba

Kama una muda wa kusoma hatua moja tu, soma hii.

Chukua kaunti mbili za kubuni. Kila moja ina watoto 1,000 wa umri wa kumaliza sekondari. Katika kaunti ya kwanza watoto 900 walifanya KCSE, na asilimia 30 wakapata C+ au zaidi, gredi ya chuo kikuu. Katika ya pili walifanya 400, na asilimia 40 wakapata C+ au zaidi. Gazeti litaandika kwamba ya pili imeongoza. Sasa hesabu vichwa: ya kwanza imetoa watoto 270, ya pili 160. Kati ya kila watoto 100 waliozaliwa huko, ya kwanza imefikisha 27, ya pili 16. Wale 600 wa kaunti ya pili hawakufeli mtihani. Hawakufika mlangoni. Wameolewa, wako na ng'ombe, wako mjengoni, au wako hapa Nairobi wakifua nguo za watu.

Kwa hiyo kila unapoona asilimia, uliza: asilimia ya nani? Ya waliofanya mtihani, ya waliosajiliwa, au ya watoto wote wa umri huo? Namba ya kugawanywa, waliopita, unaipata kwa KNEC; ya kugawanyia, watoto wote wa umri huo, unaipata kwenye sensa. Gawanya mwenyewe.

Ndiyo sababu nazipenda tathmini za Uwezo. Mtahini hamngojei mtoto darasani, anamfuata nyumbani. Anamkuta aliyeacha shule, anayesoma shule ya kibinafsi ya mabati, na ambaye hajawahi kushika kalamu, wote anawapa hadithi moja fupi ya kusoma. Ni picha ya watoto wa eneo, si ya shule za eneo. Na mara nyingi picha hiyo inaonyesha kaunti kame za kaskazini ziko nyuma.

Kuna kasoro nyingine ya kuhesabu kaunti kwa kaunti, na hii inatuhusu sisi wa jijini. Mtoto anahesabiwa pale shule ilipo, si pale anapotoka. Alliance, shule ya kitaifa, iko Kikuyu katika kaunti ya Kiambu, kwa hiyo A ya kijana wa Lodwar anayesoma pale inaingia kapu la Kiambu. Shule za kitaifa zilikuwa 18 tu hadi 2011; sasa zimepita 100, na zote zinavuta watoto wenye alama za juu kutoka mbali. Hapa kwetu mambo yamechanganyika zaidi: mtoto wa Rongai au Mlolongo, nje ya jiji, anapanda matatu alfajiri kuja shule Nairobi, na mtoto wa Kasarani anapelekwa bweni Murang'a. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 kwa sensa ya 2019. Ni wangapi kati ya watoto wao wanaofanya mtihani nje ya jiji? Wastani wa kaunti hauwezi kukuambia. Ukitaka kulinganisha maeneo kwa haki, tumia shule za kutwa peke yake. Hizo angalau zinafunza watoto wa jirani.

Hatua ya tano: hesabu wastani kwa mkono wako, angalau mara moja

Chukua kalamu. Shule ina watahiniwa 100. Waliopata B+ ni 5, B ni 5, C+ ni 20, C ni 20, D+ ni 30, D ni 20. Pointi ni hivi: B+ ni 10, B ni 9, C+ ni 7, C ni 6, D+ ni 4, D ni 3. Zidisha, jumlisha, unapata 535. Gawanya kwa 100: wastani 5.35. Ni C- hivi.

Sasa mwalimu mkuu mjanja awaambie wale 20 wa D wakajiandikishe shule nyingine kabla ya usajili. Jumla inabaki 475, gawanya kwa 80: wastani 5.94, karibu C kamili. Waliopata C+ kwenda juu wametoka asilimia 30 wakawa asilimia 37.5. Hakuna hata mtoto mmoja aliyejifunza neno moja zaidi.

Haya siyaoti. Mwanangu wa kwanza nilimtoa shule ya kutwa hapa mtaani nikampeleka bweni, kaunti nyingine, shule ambayo siitaji, kwa sababu ya wastani wake kwenye orodha. Mwaka wa tatu tukaitwa mkutano wa wazazi. Tukaambiwa watoto walio chini ya kiwango fulani "watafutiwe mazingira yanayowafaa". Wangu alikuwa juu ya mstari kwa alama mbili. Rafiki yake wa kitanda cha juu hakuwa. Siku hiyo nilielewa wastani ule ulitoka wapi, na nikaona aibu kwamba nilikuwa nimeulipia.

Kuanzia hapo, kabla ya kuuliza wastani nauliza mambo mawili: walioingia kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na waliofanya KCSE miaka minne baadaye wakawa wangapi. Shule ikiwa iliingiza 180 ikatahini 120, nataka kujua 60 wako wapi. Wengine walihama kwa sababu za kweli. Lakini 60?

Kosa jingine la wastani ni kujumlisha wastani wa shule ukagawanya kwa idadi ya shule. Shule ya watahiniwa 400 yenye wastani wa 4.0 na shule ya watahiniwa 40 yenye 8.0 hazitoi wastani wa 6.0. Rudi kwenye pointi: 1,600 na 320, jumla 1,920, gawanya kwa watahiniwa 440, unapata 4.36. Orodha ya kaunti ikipikwa kwa hesabu hii mbovu, kaunti zenye vishule vingi vidogo vyenye wastani wa juu ndizo zinazofaidi.

Usilinganishe pia miaka isiyolingana. Mwaka 2015 nchi nzima ilikuwa na A zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata, wizi wa mitihani ulipobanwa, A zikawa 141. Watoto hawakupumbaa kwa mwaka mmoja. Shule inayojivunia "tulikuwa na A hamsini enzi hizo" inakupa hadithi ya kabla ya 2016, na hadithi ya kabla ya 2016 mimi siiwekei uzito. Hata sasa namba za nchi nzima zinapanda: waliopata C+ na zaidi walikuwa 201,133 mwaka 2023 na 246,391 mwaka 2024. Kwa hiyo kaunti ikikuambia imeongeza watoto wa chuo kikuu, uliza kama imeongeza kuliko nchi ilivyoongeza. Chukua miaka mitatu mfululizo, si mmoja. Shule ya watoto 40 inaweza kupanda au kushuka kwa sababu ya watoto watatu tu.

Hatua ya sita: walipoingia, walikuwa wapi?

Shule inayopokea watoto wa alama 390 kati ya 500 za KCPE na kuwatoa na B haijafanya muujiza. Iliyopokea watoto wa 240 ikawatoa na C+ ndiyo ya kuvuliwa kofia, na mara nyingi hutaisikia ikitajwa popote.

Njia niliyotumia haihitaji kompyuta. Omba wastani wa KCPE wa kundi lilipoingia na wastani wa KCSE wa kundi hilohilo lilipotoka. Angalia miaka vizuri: KCSE ya 2025 ilifanywa na waliofanya KCPE Machi 2022, kwa sababu Covid ilivuruga kalenda. Kisha panga shule kwa matabaka ya alama 50: walioingia na 200 hadi 249 pamoja, 250 hadi 299 pamoja, na kuendelea. Linganisha ndani ya tabaka tu. Nilipofanya hivyo kwa shule sita za kwetu Kitui, mpangilio uligeuka karibu wote. Shule ambayo kikundi chetu kilikuwa kikiidharau, ya kutwa, yenye wastani usiofika 4, ilikuwa ya kwanza katika tabaka lake.

Kwa KCSE ya 2026 na 2027 njia hii bado itafanya kazi. Kundi la gredi ya 10 la 2026 litamaliza 2028, na hapo KJSEA itachukua kazi ya KCPE. Anza kuhifadhi namba hizo sasa. Baada ya miaka mitatu hakuna ofisi itakayokumbuka ziliko.

Hatua ya saba: hesabu walimu, sahani na sababu

Kwa walimu, tenganisha wa TSC, wanagenzi, na wale wa BOM, bodi ya shule, wanaolipwa na wazazi. Shule ya msingi yenye watoto 1,200 na walimu 20 wa TSC ina watoto 60 kwa mwalimu, wakati kawaida inayotajwa ni 40. Wazazi wakiajiri sita zaidi, inakuwa 46. Kwenye ripoti, shule hiyo na nyingine yenye walimu 26 wa serikali zitafanana. Kwa mfuko wa mzazi hazifanani hata kidogo. Uliza walimu wangapi wanafunza hisabati na fizikia. Hapo ndipo mashinani panapovuja.

Kisha uliza kwa nini. Ukisoma ramani ya shule kongwe za Kenya unasoma ramani ya wamishonari: Maseno 1906, Alliance 1926. Walijenga palipokuwa na mvua, barabara na reli. Baada ya uhuru, Waraka wa sera nambari 10 wa 1965 ukaelekeza fedha za serikali maeneo yenye uwezo wa kuzalisha haraka, na kaskazini ikangoja. Katiba ya 2010 ndiyo iliyokuja na Hazina ya Usawazishaji, asilimia nusu ya mapato kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, na hiyo inahusu maji, barabara, afya na umeme. Juu ya hapo ongeza usalama. Novemba 2014 basi lilitekwa Mandera, wakauawa watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Mwanzoni mwa 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na TSC ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji. Ukilinganisha fizikia ya Wajir na ya Nyeri bila kutaja haya, unapima uvumilivu wa watoto, si ubora wa shule.

Chakula nakitaja kwa haraka kwa sababu kinajieleza. Katika maeneo kame, sufuria ikikosa kuwaka, darasa linapungua wiki hiyohiyo. Nairobi tangu 2023 mtoto wa shule ya umma anaweza kupata chakula cha mchana kwa shilingi 5 kupitia mpango wa Dishi na County. Mtoto wa Mukuru anayesoma shule ya mabati isiyo ya serikali hayumo humo, na katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, Kibera na Mathare watoto wa aina hiyo ni wengi. Kwa hiyo unaposema "Nairobi", sema Nairobi ipi. Kutoka Lavington ya wenye pesa hadi Mathare ni safari fupi ya matatu, na pengo la shule kati ya hizo mbili linaweza kupita lile la kaunti na kaunti.

Hatua ya nane: nenda, na usome madaftari

Namba zikishakupa shule tano au sita za kulinganisha, panda gari. Siku moja kwa kila shule inatosha. Piga simu kabla, fika saa mbili, ripoti ofisini, tia sahihi kitabu cha wageni. Mwalimu mkuu mmoja alinitazama juu ya miwani akaniuliza:

"Wewe umetumwa na wizara?"

"Hapana, mwalimu. Mimi ni mzazi. Tunasaidia karo watoto wenu wawili."

"Haya, karibu mzazi. Wizara ingekuja na gari."

Usiulize maabara ina nini. Uliza ilitumika lini mara ya mwisho, kisha angalia vumbi kwenye bomba. Usiombe kuona daftari la mwanafunzi bora. Omba la yule aliyeketi nyuma kushoto. Fungua la hisabati. Angalia tarehe: tangu shule ifunguliwe, kuna kurasa ngapi? Kuna wino mwekundu? Ule mwekundu ni alama ya vema tu, au mwalimu ameandika njia sahihi pembeni? Katika shule moja niliona daftari lililosahihishwa hadi wiki ya tatu, halafu ukimya wa wiki tano. Mwalimu alikuwa amehamishwa na hakuletwa mwingine. Hakuna ripoti iliyonionyesha hilo.

Kwa shule ya msingi, chukua hadithi fupi ya kitabu cha gredi ya 3 ukiwa na ruhusa ya mwalimu, uwape watoto kumi wa gredi ya 4 mmoja mmoja, kando, bila kuwaaibisha. Andika nani anasoma hadithi nzima, nani anaishia aya moja, nani maneno, nani herufi. Rudia hivyohivyo kila unapokwenda, kwa hadithi ileile. Ila kumbuka lugha. Mtoto wa Eastleigh anakuja na Kisomali na Sheng, wa Tseikuru na Kikamba, wa Lodwar na Kiturkana. Hadithi ya Kiswahili haiwi nyepesi sawa kwa wote, kwa hiyo wape pia hesabu za kujumlisha na kutoa. Hesabu hazina lafudhi.

Hatua ya tisa: weka kila kitu kwenye karatasi moja

Mistari iwe shule au maeneo, safu ziwe hizi: watoto wa umri huo, waliofanya mtihani, waliopita kati ya wote, walioingia dhidi ya waliotoka, alama za kuingia, wastani wa kutoka kwa miaka mitatu, watoto kwa kila mwalimu wa TSC, karo halisi, na uliyoyaona kwenye madaftari. Karo halisi, si ile ya waraka wa wizara. Rasmi shule ya bweni ni shilingi 53,554 au 40,535 kwa mwaka kutegemea aina yake. Mzazi aliyewahi kununua godoro, rimu za karatasi na "mchango wa basi" anajua hadithi nyingine.

Usijumlishe safu hizo kupata namba moja. Nilijaribu, nikaipa kila safu uzito, nikapata mshindi. Nikabadilisha uzito wa karo kidogo tu, mshindi akabadilika. Acha safu zizungumze kila moja na sauti yake, kisha rudi kwenye swali uliloandika hatua ya kwanza uone ni safu zipi zinalijibu. Mzazi atazame alama za kuingia, wastani, karo na madaftari. Anayepima kaunti atazame watoto wa umri huo na waliopita kati ya wote. Anayetafuta pa kuweka msaada atazame alama za kuingia dhidi ya za kutoka, na walimu.

Sisi tulikuwa hao wa mwisho. Nilibandika karatasi ukutani Jumapili ile, mwenyekiti akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari kwa kidole. Alisimama kwenye ile shule ya kutwa tuliyokuwa tukiidharau. Haikuwa na mwalimu wa fizikia kwa mihula miwili. Tulibishana hadi saa kumi na mbili jioni, wengine wakitaka karo za watoto wawili wa bweni ziendelee, na hatimaye tukapiga kura: wale wawili wamalize, lakini mchango mpya ulipe mwalimu mmoja wa fizikia kupitia BOM. Aliajiriwa muhula uliofuata. Mwezi wa kwanza alinitumia picha ya maabara, na la kwanza nililotazama lilikuwa bomba.